Nyumba Isiyobishwa Hodi

Kwake hodi ilikuwa tusi. Ukisimama nje ya mlango wake ukaita, "Hodi, wenyewe!" kama watu waliofunzwa adabu, haitikii karibu. Alikuwa anatoka na mwiko mkononi, anakutazama kuanzia viatuni mpaka kichwani, kisha anakuuliza, "Nani kafa?" Ukimjibu hajafa mtu, anasema, "Sasa unaniitia nini kama mtoza kodi? Ingia huko." Na mlango wenyewe haukuwa na komeo. Zamani lilikuwepo, akaling'oa kwa shoka siku mgeni mmoja alipokuta pamefungwa akapitiliza na mvua yake.

Mimi ni mtu wa Tanga mjini. Nimelelewa kujua kwamba anayeingia nyumba ya watu bila hodi ama ni mwizi ama kichaa kimempanda. Miaka yote niliyokaa kule juu, kila nikifika mlangoni kwake ulimi ulikuwa unaniwasha. Naimeza hodi yangu, naingia kichwa chini, napokewa na moshi wa kuni mbichi na harufu ya koti la mumewe lililolowa.

Tulimwita Mama Mwinjilisti. Mumewe ndiye aliyekuwa mwinjilisti wa kanisa dogo la Kilutheri la kijiji kile, mwendo wa mguu kupanda kutoka Bumbuli. Mchungaji alifika mara chache. Siku nyingine zote mwinjilisti ndiye aliyesalisha, akazika, akafundisha watoto wa kipaimara. Jina la ubatizo la mkewe nililijua, lakini sikuwahi kulitumia mbele yake na sitalitumia nyuma yake. Na nyumba ile, yenye kuta za udongo na bati lililoliwa na kutu, haikuwa yao. Ilikuwa nyumba ya usharika. Aliyekuwa mwinjilisti ndiye aliyekaa humo. Akihamishwa au akifa, anakuja mwingine. Hilo lishike, msomaji, maana ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nilipelekwa kule kufundisha miaka ile ya Ujamaa, msichana, Mwislamu, sijui baridi ni nini. Lori liliniacha barabarani na sanduku langu. Mwalimu mkuu alikuwa amekwenda Lushoto mkutanoni, nyumba ya walimu imefungwa, na mvua ile ya milimani ambayo hainyeshi ikaisha wala haiachi. Nikakaa kwenye baraza la shule nikalia. Sikulia kistaarabu, jamani, nililia kwa sauti, namwita mama yangu aliyeko Tanga. Akatokea mwanamke mfupi, miguu mitupu, amejifunika gunia kichwani. Hakuniuliza nalilia nini.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Unajua kuchambua maharage?"

Nikasema najua.

"Basi twende. Nina maharage debe zima na macho yangu siku hizi hayana kazi."

Akajitwisha sanduku langu, akatangulia. Jikoni kwake alinikalisha kwenye kigoda karibu na moto, akaniwekea ungo mapajani. Nikachambua huku kamasi zinanitoka, na yeye ng'ambo ya moto analalamika: "Tazama mawe haya! Nani katuuzia? Haya si maharage, hii ni kokoto ya barabara." Hakunipa pole hata moja. Ungo ulipokaribia kwisha nikashtuka kwamba nimeacha kulia zamani, na kwamba nabishana naye juu ya maharage ya wapi ndiyo mazuri.

Baadaye nikaja kujua kwamba kila mtu alipewa kazi. Afisa kilimo alimenya viazi na suruali yake ya kunyooshwa. Mwendawazimu mmoja aliyekuwa akipita na njia ya Soni alipewa watoto wa mbuzi awashike. Nilimuuliza siku moja kwa nini anawatumikisha wageni, kwetu ni aibu. Akanijibu, "Mtu mikono mitupu anajiona ombaomba. Wewe mpe kisu na viazi, utaona kama hajaanza kukitukana kisu chako. Akishakitukana, amefika."

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa na mdomo. Chumvi aliipima kwa ncha za vidole na ukiongeza anakupiga mkono. Kuimba alikuwa hawezi, na alikuwa akiimba kuliko wote, mpaka mumewe, mtu mpole asiyejua kugomba, alikuwa akifumba macho kwenye kiitikio. Ukimwambia ahsante anakasirika: "Ahsante ya nini? Nimekuuzia?" Na Wakatoliki, ebo! Waislamu alitupenda, wapagani aliwapenda, lakini na Wakatoliki wa Gare alikuwa na ugomvi ambao hata yeye hakukumbuka ulianzia wapi. Alikuwepo mzee mmoja wa Gare aliyekuwa akipita na mzigo wa kabichi. Mvua ikamshika akaingia, na jioni nzima Mama Mwinjilisti akamchamba kwa ajili ya rozari yake, kwamba anamhesabia Mungu shanga kama mtoto wa darasa la kwanza. Yule mzee akawa anacheka tu huku anakoboa mahindi. Ulipofika wakati wa kulala akampa kitanda chao, yeye na mumewe wakalala jikoni juu ya majani ya migomba. Mzee yule akawa hapiti njia hiyo bila kuja kuchambwa.

Uongo nao alikuwa nao, mke wa mwinjilisti mzima. Siku hizo mgeni akilala kwako lazima umpeleke kwa balozi wa nyumba kumi, umtaje ni nani na anafanya nini, maana serikali haikutaka wazururaji. Mama Mwinjilisti kila mgeni alimwita ndugu. Mpare ni mjomba, Mmbugu ni shemeji, Mnyamwezi aliyekimbia mkonge ni mtoto wa dada. Siku moja balozi akachoka.

"Mama, wewe una wajomba wa makabila yote ya Tanzania?"

"Kwani si ndiyo mnatuhubiria kwenye mikutano kwamba sote ni ndugu?" akamjibu. "Au mlikuwa mnatania?"

Balozi akaondoka, na kabla hajafika mbali akaitwa arudi achukue ndizi.

Sasa nieleze ile sufuria, maana bila sufuria hutanielewa. Wiki ile ya kwanza aliamua anipikie kuku. Alikuwa na jogoo mmoja tu. Akamshika, akasimama naye uani, ndipo akakumbuka: nani atamchinja? Kijiji kizima pale ni Walutheri. Mimi ni mwanamke, na kwa imani ya watu wa kule mwanamke hachinji. Basi akamkumbatia jogoo wake, akateremka bonde, akapanda mlima wa pili kwenye kijiji cha Waislamu, akamtafuta mwalimu wa madrasa, hakumkuta, akamngoja. Mimi nikarudi shuleni nikala viazi nilivyovikuta, nikalala mapema na homa yangu ya baridi. Asubuhi nilipopita kwake nikakuta nyama imenisubiri, imepikwa ndani ya sufuria mpya ya bati ambayo sikuwahi kuiona mle ndani.

"Hiyo ni yako," akasema. "Humo hakujaingia kitu, wala hakitaingia. Zile nyingine Krismasi zinapikiwa nguruwe, na mimi kuosha kwangu sikuamini."

Aliitundika juu kwenye msumari wake peke yake. Tangu siku hiyo kila Mwislamu aliyepita akapikiwa humo. Ramadhani akanipikia futari ya maharage na mihogo, akawa anatoka nje kulitafuta jua, halionekani, ukungu umekaa mpaka mlangoni. "Mwalimu, futuru tu," ananiambia. "Ukungu huu hata malaika hawezi kujua kama limezama." Na sufuria yake kubwa ilipotoboka, alikwenda kuazima kwa jirani kila siku, jua na mvua, lakini ile ya msumarini hakuigusa.

Kulikuwa pia na picha ya Yesu sebuleni, imekatwa kwenye kalenda ya kanisa, nayo ilikuwa ukutani upande niliokuwa naelekea nikisali. Siku moja naingia kutandika mkeka, ukuta mtupu. Nikamuuliza imekwenda wapi.

"Nimemhamishia chumbani kwetu," akasema. "Hachukii. Yeye mwenyewe maisha yake yote alikuwa mgeni kwenye nyumba za watu."

Nilicheka siku hiyo. Sasa nikikumbuka sicheki.

Halafu ukaja mwaka wa njaa. Mvua za vuli zikatupita, za masika zikachelewa, mahindi yakakauka yakiwa bado hayajatoa hata ndevu. Shamba la kijiji tulilolilima kwa ngoma na hotuba likatoa mabua. Ukaletwa unga wa njano wa msaada, ukagawanywa kwa kaya: watu wa kaya wangapi, vikombe kadhaa. Wageni hawamo. Na wageni ndio kwanza waliongezeka, watu wa tambarare waliopanda milimani wakidhani huku kuna chakula. Nyumba nyingine zote zilianza kufunga milango mchana. Siwalaumu, mtu ana watoto. Ya Mama Mwinjilisti ilibaki wazi, na nikaanza kuona mifupa ya shingo ya mumewe ikitokeza juu ya kola siku za ibada.

Nikawa napeleka mgao wangu. Anaukataa. "Unanilipa?" Nikajifunza kuingia, kushusha sufuria yangu msumarini na kuusonga ugali mwenyewe kama mtu wa nyumbani, hapo ndipo alipokubali kula. Kabla ya kula mumewe alikuwa akiomba kwa maneno mazuri ya kitabuni, kisha yeye anamalizia yake: "Baba, mgeni wako huyu hapa. Sisi karibu tumeshasema. Chakula leta wewe." Halafu anafungua jicho moja kutazama mlango. Wakati mwingine mtu alikuwa akija kweli na ndizi. Mara nyingi hakuja mtu.

Siku moja asubuhi niko pale, akaingia mwanamke wa tambarare na mtoto mgongoni. Mama Mwinjilisti akanyanyua ungo kama desturi, lakini ungoni hamna kitu, si maharage wala mawe. Yule mwanamke akafungua mbeleko, akamlaza mtoto mkekani, na sote tukaona. Mtoto alikuwa ameshakufa njiani, na mama yake alikuwa akimwimbia. Mama Mwinjilisti akabaki ameshika ungo mtupu. Ndiyo mara ya kwanza kumwona hajui la kufanya. Akakaa chini karibu na yule mwanamke, akamshika mguu, wakakaa. Alimwosha yule mtoto mwenyewe, mumewe akamzika. Na Mama Mwinjilisti mwenyewe aliwahi kuzaa mmoja, kaburi lake likabaki kwenye kituo chao cha kwanza cha kazi. Hilo nilisikia kwa watu, yeye hakulisema. Jioni mumewe akasali, tukangoja mkewe amalizie. Akasema, "Baba, leo sina neno na wewe," akainuka.

Mwinjilisti alikufa kabla njaa haijaisha. Kilikuwa kifua. Vijana walimbeba kwa machela kuteremka Bumbuli hospitali, wakageuza njiani. Kwenye matanga mjane ndiye aliyekuwa akiwahudumia waliokuja kumfariji. Kila anayemwambia kaa chini mama, anamtuma maji.

Baada ya matanga wazee wa usharika wakaja. Nilikuwepo, nilikuwa namsukia mkeka uliofumuka. Waliingia bila hodi, kama ilivyokuwa desturi, lakini siku hiyo nilitamani wangebisha. Ulikuwa umepatikana mchango wa maharage kidogo, basi akawagawia: huyu ungo, huyu sinia, huyu kofia yake mwenyewe. Mkubwa wao akakaa na ungo mapajani, anakohoa.

"Mama, sisi tumetumwa."

"Chambua kwanza. Hapo umeacha jiwe."

Akalitoa lile jiwe. Alikuwa mtu mzima, amezikiwa mama yake na yule marehemu. "Mama, usharika hauwezi kukaa bila mwinjilisti. Ameshapatikana. Ana mke na watoto. Na nyumba… unajua nyumba hii ni ya nini."

"Najua. Nimekaa nyumba za usharika tangu nimeolewa." Akapepeta kidogo. "Watoto wake wadogo? Wanakunywa maziwa? Maana mbuzi amekauka."

Wazee wakainamia maharage. Mwenyekiti wa kijiji naye alishasema ardhi ni ya kaya zenye nguvu kazi; mjane mzee asiye na mtoto akakae na nduguze. Alikuwa na kaka kule Mponde, mkulima wa chai. Wazee wakasema watamsaidia kubeba mizigo. Mzigo gani? Kila kitu mle ndani kilikuwa cha usharika au kilishakuwa cha mgeni.

Walipoondoka mimi ndiye niliyelipuka. Nikamwambia akatae, akae humo humo, tuone nani atamtoa.

"Nikatae nini? Nyumba ya Mungu?"

"Basi Mungu huyo akupe ya kwako! Umemlishia watu wake wote hao!"

"Atanipa," akasema. "Ila namwona anachelewa."

Nikamwambia aje kwangu, chumba nashirikiana na mwalimu mwenzangu, tutabanana. Hapo akacheka. "Nitoke ya kanisa niingie ya serikali? Hao wote tabia yao moja, kudai ufunguo." Kisha kicheko kikamkatikia katikati, akajifunika uso kwa upindo wa kanga. "Mwalimu," akasema, "mimi sijui kuwa mgeni. Maisha yangu yote sikuwahi kujifunza. Naogopa, mwanangu."

Sikuwahi kumsikia akisema anaogopa kitu.

Mwinjilisti mpya akaja siku ya mvua, familia nzima imelowa, mkewe binti mdogo analia kama nilivyolia mimi kwenye baraza la shule. Nani aliyetoka kuwapokea? Yeye. "Ingieni, hapa hapabishwi hodi." Akampa yule binti ungo, akawaonyesha pa kuweka beseni bati likivuja, kuni kavu ziko wapi, balozi anataka kuongeleshwa vipi. Akahamia jikoni. Kitanda akawaachia. Wallahi niliwachukia wale watu, na hawakuwa na kosa. Walikuwa na njaa na woga, na katoto kao kalikuwa kakifungua mlango kakitoka nje kwenye ukungu. Kwa hiyo yule mwinjilisti akanunua komeo. Nilimkuta akiligongomea, na Mama Mwinjilisti amemshikia misumari.

"Vizuri," alikuwa akisema. "Siku hizi wezi wamezidi."

Wiki hiyo hiyo akaondoka, na kitita cha nguo mgongoni. Msumari wa jikoni uliachwa mtupu, sufuria ameichukua. Alinipitia shuleni niko darasani, akasimama dirishani, akawaambia watoto waache kelele, akaenda zake.

Likizo iliyofuata nilimfuata Mponde. Wifi yake akaniambia alikaa kidogo tu, ameshahamia kwa mtoto wa dada yake. Kule nako nikaambiwa amekwenda kwa watu wengine. Kila nilipouliza waliniambia hivyo hivyo: hatukumfukuza, tulimheshimu, tulimwambia apumzike, hatukumruhusu kushika hata fagio. Wakaniambia kwa fahari. Nilitaka kuwapiga. Kisha nami nikahamishiwa Lushoto, nikaolewa, nikazaa, na habari zake zikakatika.

Ikaja miaka ile ya maduka matupu, sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, chumvi ukiipata unaificha. Tulikuwa na vyumba viwili vya kupanga mjini Lushoto, mimi na mume wangu karani na mabinti zetu. Mchana mmoja wa mvua nipo peke yangu nikasikia, "Hodi."

Nikadhani ni mtu wa kuuza mboga, sikuitikia. "Hodi, wenyewe." Sauti ndogo ya mtu anayeomba samahani. Sikuitambua. Sauti ile nilikuwa naijua ikigomba, ikisali, ikiharibu wimbo. Sijawahi kuisikia ikiomba mlango. Mara ya tatu nikanyanyuka kwa hasira, nikafungua komeo.

Alikuwa amesimama nje ya michirizi ya bati, mvua inamnyeshea, hajasogea hata kizingitini. Amekwisha mwili. Kitita amekikumbatia kifuani.

Sijui kilichoniingia. Badala ya kumsalimia, mdomo wangu ukasema, "Nani kafa?"

Nilitegemea atacheka. Akanitazama, akasema, "Hajafa mtu, Mwalimu. Nimechoka tu."

Nikamvuta ndani. Nikampa shikamoo yake nikiwa nimeshamshika mkono, akaitikia marahaba kwa unyonge. Akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, kwenye ncha, kitita mapajani. Nikataka kumpokea, hakukiachia.

"Sikai sana. Ikikatika hii mvua nakwenda."

"Unakwenda wapi, Mama?"

Akafikiri, kwa dhati kabisa, kama kwamba jibu lipo. "Nimewamaliza," akasema. "Mzee wangu wa Gare nilimfuata, nikakuta ameshazikwa. Wengine ni watu wema, usije ukawasema. Wananiwekea kiti. Wananiletea chakula, wanasema kula mama, tulia mama. Nakula mikono yangu haijagusa kitu, na watoto wao wanaitazama sahani. Nikiona hivyo naaga."

Akaanza kufungua kitita. Ndani ya kanga kuukuu ikatoka sufuria, bati limefifia, mdomo wake umepinda kidogo, lakini imesuguliwa inang'aa.

"Nimekuja na chombo changu," akasema, hanitazami. "Hii ni nyumba ya Kiislamu, na mimi nimekula vya watu wengi. Nitapakuliwa humu, nisikuharibie vyombo vyako. Hakijaingia kitu, Mwalimu. Popote nilipokaa niliitundika peke yake."

Nikalia. Nililia kama siku ile ya baraza la shule, kwa sauti, mikono kichwani, na yeye akawa anahangaika kitini, anasema, "Basi, basi, nimekuudhi, naondoka." Hapo ndipo nilipojua kwamba nikimpa pole nitampoteza, na nikimwambia apumzike nitampoteza. Nikafuta uso kwa kanga. Nikaenda pembeni penye jiko nikachukua ungo, nikamimina maharage yote niliyokuwa nayo, nikarudi nikamwekea mapajani juu ya kitita.

"Watoto wanarudi shule na njaa," nikamwambia. "Nichambulie, mimi macho yangu siku hizi hayana kazi."

Akautazama ule ungo. Vidole vilikaa juu ya maharage, havisogei. Mvua inapiga bati. Nikajifanya nachochea moto, lakini nilikuwa namwangalia, na moyoni nilikuwa nasema naye Mungu vibaya kama alivyokuwa akisema naye yeye. Nikasikia kitu kimedondoka sakafuni, tik. Kisha kingine.

"Mwalimu."

"Abee, Mama."

"Haya maharage kakuuzia nani?" Akatupa jiwe jingine. "Una akili wewe? Umesomesha watoto wa watu miaka yote hii, unauziwa kokoto unaleta nyumbani?"

Akavuta kiti karibu na moto. Kitita kilikuwa kinamsumbua, akakishusha chini, akakisukuma kwa mguu mpaka ukutani, akaukaza ungo kati ya magoti. Akachambua kidogo, kisha akainua kichwa, akautazama mlango wangu.

"Na hilo komeo," akasema, "ni la nini?"

Mume wangu aliporudi kazini jioni alilikuta mezani, misumari yake pembeni, na maharage yanachemka ndani ya sufuria ile.